Hukumu ya Fundi Shaista

Alinanuswe alikuwa anapanga kadi za harusi kwenye maboksi, kwenye duka la uchapaji la Mwanjelwa, Mbeya, alikokuwa ameajiriwa, simu ilipotetemeka mfukoni. Rafiki yake wa Dodoma alikuwa amemtumia kiungo cha ukurasa wa mtandaoni bila kuandika neno. Hilo peke yake lilimshtua, maana rafiki huyo hawezi kutuma hata picha ya sahani ya ubwabwa bila maelezo ya nusu ukurasa.

Alifungua, akasoma akiwa amesimama.

“Mgodi Unaopumua. Kurasa arobaini na nane. Imeandikwa na Alinanuswe Mwasongwe wa Mbeya. Jalada lake ni zuri kuliko yote niliyoyaona mwaka huu, na Kiswahili chake ni kitamu. Nimeicheza mara mbili, kila mara na watu wengine, na mara zote mbili imenifia mezani. Anayetaka kitu cha kusoma kitandani aichukue. Anayetaka kucheza asubiri. Yule bibi wa kamba, ukurasa wa ishirini na mbili, aondolewe tu. Ni pambo, hana kazi.”

Chini kulikuwa na jina: Shaista, Iringa.

Kwa asiyeujua mchezo huu, uko hivi. Watu wanne au watano huketi mezani. Kila mmoja anajivika mtu wa kubuni: mpiga upinde, mganga, mwizi mwenye huruma, askari mzee aliyechoka vita. Mmoja wao anakuwa kiongozi wa meza, na yeye ndiye anayewaambia wenzake kuna nini nyuma ya mlango, zimwi limelala au liko macho, mwenye nyumba amekasirika au amefurahi. Wengine wanasema wanafanya nini, na pale penye mashaka dadu zinaamua. Kiongozi akiwa na muda anabuni kila kitu mwenyewe. Asipokuwa nao anatafuta kitabu kilichokwisha kuandikwa, chenye ramani, hatari na watu wa kukutana nao. Kitabu cha namna hiyo wachezaji wetu wanakiita safari.

Alinanuswe alikuwa ameandika safari yake kwa miaka miwili. Baba yake aliwahi kuchimba dhahabu Chunya enzi za ujana, na hadithi za mashimo ndizo zilizomlea. Aliandika jioni baada ya kazi, akachora jalada mwenyewe, akaichapa yote kwa mashine ileile ya kadi za harusi kwa ruhusa ya tajiri wake. Ilipotoka, pongezi zilimiminika. Kuna mtu wa Arusha alisema ni moto. Kuna mwingine aliweka picha ya jalada kwenye simu yake kama picha yake mwenyewe. Hakuna aliyekuwa amemwambia neno baya mpaka siku hiyo.

Alimpigia rafiki yake wa Dodoma. “Huyu Shaista ni nani?”

“Fundi cherehani.”

“Fundi nini?”

“Anashona sare za shule pale Iringa. Lakini usimchukulie poa, kaka. Huyo mama akisema safari inachezeka, sisi huku tunaichukua macho yamefumbwa.”

Maneno hayo hayakumtuliza, yalimwongezea moto. Wiki nzima alitembea akiongea peke yake. Ijumaa aliomba ruhusa kazini, na Jumamosi alfajiri alikuwa ndani ya basi la Iringa. Walipofika Makambako alikuwa amekwisha kuitunga hotuba yake yote, na walipofika Mafinga alikuwa ameipunguza makali mara mbili na kuyarudisha.

Duka la Fundi Shaista liko Miyomboni, chumba kirefu chembamba chenye cherehani mbili mbele na meza kubwa ya kukatia nyuma. Babu yake mzaa baba alikuja kuuza vitambaa mjini hapo, baba yake akaongeza cherehani, na yeye, mwanamke wa miaka kama hamsini, mwembamba, ushungi wa kijivu na miwani iliyoning'inia kwa uzi mweusi, ndiye aliyebaki nalo. Alinanuswe alimkuta anafumua pindo la sketi huku akibishana kwa Kihehe na mama mmoja aliyedai mwanawe amerefuka ghafla. Yule mama akacheka, akashindwa, akaondoka.

“Shikamoo,” alisema Alinanuswe.

“Marahaba. Sare ya shule gani?”

“Sikuja kwa sare. Mimi ndiye Alinanuswe.”

Fundi alipandisha miwani. “Wa mgodi?”

“Wa mgodi.”

“Umetoka Mbeya leo?”

“Alfajiri.”

“Basi hujala. Anjela, hebu tuagizie chapati na maharage kwa jirani.” Anjela, mama wa cherehani ya pili, aliinuka akimtazama mgeni kwa jicho la pembeni.

Ni kazi ngumu kukasirika mdomo ukiwa na chapati ya mtu, lakini Alinanuswe alijitahidi. Alipomaliza alifuta vidole, akasema, “Mama, miaka miwili nimeandika kitabu kile. Umekivunja kwa mistari sita.”

“Inawezekana,” alijibu Shaista bila kuinua sauti. “Tukiangalie.”

Alifungua droo ya meza iliyojaa nyuzi na zipu, akatoa nakala ya Mgodi Unaopumua. Alinanuswe nusura asiitambue. Ilikuwa imevimba kama imenyeshewa, pini za kushonea zimeshika kurasa hapa na pale, na pembezoni mwa maandishi kulikuwa na vijistari vya penseli, vingine vyeusi, vingine vyekundu.

“Hivi ni vya nini?”

“Kila kijistari ni mara moja niliyosimama. Mchezaji ameniuliza jambo, jibu silioni, nafunua kurasa huku watu wananitazama. Vyeusi ni meza ya kwanza, vyekundu ya pili.”

Alinanuswe alihesabu ukurasa mmoja. Tisa. Alifunua mwingine, akakuta saba, akaacha kuhesabu.

“Nikuulize na mimi,” alisema Shaista. “Hao waliokusifu, ni nani aliyekuambia ameicheza?”

Alitaka kujibu upesi. Alimfikiria yule wa Arusha, akamfikiria yule wa picha ya jalada, akapitia ujumbe wote kichwani. Waliisoma. Walisema lugha, walisema picha. Hakuna hata mmoja aliyesema tulikaa mezani, tukashuka shimoni, ikawa hivi na hivi. Mwanamke huyu, ambaye yeye alikuja kumgombeza, ndiye mtu pekee aliyeichukulia kazi yake kwa uzito uliostahili, tena mara mbili. Hotuba yake ya Makambako ikayeyuka.

“Kesho saa nane mchana tunacheza,” alisema Shaista. “Lala hapa mjini, uje ucheze na wewe. Tutaicheza hiyohiyo, kwa watu ambao hawajaiona. Sharti ni moja: mezani wewe ni mchezaji. Hufafanui, husahihishi. Kitabu kikienda dukani wewe huendi nacho.”

Mchana ule hakuwa na pa kwenda, akakaa dukani. Shaista alimpa mafaili manne aliyokuwa akihifadhia hukumu zake kabla hajazipeleka mtandaoni, miaka kumi na moja ya karatasi, akarudi kwenye cherehani yake. Alinanuswe alisoma mpaka shingo ikamuuma. Kuhusu safari moja ya ng'ambo, nene, yenye picha za rangi, alikuwa ameandika: “Zimwi limeandikiwa kurasa tatu za ukoo wake. Limekufa kwa pigo la pili. Ukoo huo nimeujua mimi peke yangu.” Kuhusu nyingine: “Kila mlango una kufuli na ufunguo haupo popote. Nilidhani nakala yangu ina upungufu, nikahesabu kurasa. Zimetimia.” Kulikuwa na safari ya karatasi sita tu, iliyoandikwa na mwalimu mmoja wa Kilolo na kutolewa fotokopi: “Picha hakuna. Tahajia mbovu kila mstari. Tumecheza saa nne sikusimama hata mara moja, na Anjela amelia. Itafuteni.”

Hakupendelea nchi wala jina. Wakubwa wenye sifa duniani aliwapima kwa penseli ileile aliyompimia mwalimu wa Kilolo. Lakini mapungufu yake nayo yalionekana. Hakuwa na subira na maandishi ya kupendeza. Sentensi ndefu ikimkuta amechoka anaikata kwa dharau. Picha alizisifu kwa maneno mawili, kama mtu anayesifu vifungo vya koti.

Anjela ndiye aliyemsimulia mengine, mikono yake ikiendelea kupitisha kitambaa chini ya sindano, Shaista alipotoka kwenda kuswali alasiri.

Mchezo uliletwa na kaka yake Shaista, Taher, aliporudi kutoka masomoni Uingereza na sanduku la dadu na vitabu. Akawafundisha ndugu, wakacheza miezi michache, kisha akahamia Dar es Salaam na familia yake, sanduku likabaki. Miaka hiyo baba yao alipooza upande mmoja. Shaista alimuuguza miaka sita, hapo nyuma ya duka, na katika miaka hiyo yote hakwenda mbali kuliko soko. Ndipo akaanza kuwaalika watu kwenye meza ya kukatia. Mzee mwenyewe alipenda mno. Alikuwa anacheza mchawi mkorofi, anaongea kwa taabu lakini dadu anatupa kwa mkono wake.

“Sasa yule mzee alikuwa na nguvu ya kukaa saa mbili tu kwa siku,” alisema Anjela. “Zikiisha, tunamlaza. Siku moja dada Shaista kaleta safari mpya, inasifiwa huko mtandaoni, nyota kibao. Tumeingia ndani ya ngome, mambo yamenoga, tukafika mahali panatakiwa pete fulani. Pete haipo. Mwandishi kaisahau. Dada anatafuta, anafunua mbele, anafunua nyuma, sisi tumekaa. Alipoinua kichwa, mzee kalala kitini. Saa zake mbili zimekwisha anamtazama binti yake akitafuta ukurasa.”

“Ndiyo akaanza kuandika?”

“Usiku uleule. Ya kwanza ilikuwa barua ya hasira, nadhani kama yako ya leo.” Anjela alikata uzi kwa meno. “Baadaye akasema hasira haimsaidii mtu anayetaka kujua acheze nini kesho. Akaanza kuhesabu.”

Jumapili saa nane duka lilikuwa limefungwa mbele, mlango wa uani uko wazi. Juu ya meza ya kukatia Shaista alikuwa ametandika kipande cha kitambaa cha bluu iliyokolea, kile cha sketi za sekondari, na mkononi ameshika chaki ya fundi. Ramani alikuwa anaichora hapohapo kadiri wachezaji walivyokwenda, mistari myeupe kwenye bluu, na ikibadilika anaipangusa kwa kiganja. Wachezaji walikuwa vifungo vya koti. Mazimwi yalikuwa vifungo vya suruali, na zimwi kubwa lilikuwa bakuli la vibanio.

Mchezaji wa tatu alikuja kwa bodaboda kutoka Kalenga, mzee mrefu mwenye kofia ya sufu, Zabron, aliyestaafu upimaji ardhi.

“Kamwene,” alisalimu kwa Kihehe.

“Kamwene, mzee,” alijibu Shaista. “Huyu ni Nuswe, mgeni wetu kutoka Mbeya.” Hakuongeza neno. Anjela aliinamia dadu zake kuficha tabasamu.

Zabron alichukua askari mzee, Anjela mwizi, Alinanuswe mganga. Shaista akasoma ufunguzi: kijiji cha wachimbaji, mgodi ulioanza kupumua kama kitu kilicho hai, watu hawashuki tena. Alisoma vizuri, polepole, na Alinanuswe akasikia maneno yake mwenyewe yakijaza kile chumba. Kwa dakika tano alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Iringa.

Kisha Zabron akakohoa. “Kabla sijaingia kwenye shimo la mtu, mwenye mgodi ni nani? Nataka kuongea naye.”

Shaista alifunua ukurasa wa tatu, akaenda wa arobaini, akarudi. Penseli ikagusa karatasi. “Kitabu hakisemi.”

“Basi mwenyekiti wa kijiji.”

“Hakisemi.”

“Hata mama wa uji?”

“Mzee, kijiji hiki hakina jina la mtu hata mmoja, isipokuwa bibi mmoja anayesokota kamba mdomoni mwa shimo.”

Alinanuswe aliuma ulimi. Mwenye mgodi alimjua! Alikuwa anaitwa Lwitiko, ana wake watatu na jino la dhahabu, na alimdhulumu ndugu yake shimo lile. Alimjua kiasi kwamba hakuwahi kukumbuka kumwandika.

Wakaingia mgodini. Kwenye chumba cha nne kulikuwa na mlango uliofichwa, na kuuona kulihitaji dadu iangukie namba kubwa. Anjela akatupa, nne. Zabron, saba. Alinanuswe alizipuliza dadu zake, akazitikisa kwa muda mrefu, akatupa. Mbili.

“Hamkuuona,” alisema Shaista.

“Tunatafuta njia nyingine.”

“Nyingine haipo. Nyuma ya huo mlango kuna kurasa ishirini na sita.”

Walijaribu ngazi za chumba cha saba, Shaista akazichora kwa chaki kama ramani ilivyosema, na Zabron akainama juu ya kitambaa kwa muda. Aliweka kidole, akahesabu. “Ngazi thelathini kwenda chini. Halafu unatokea chumba hiki, ambacho kiko juu ya tulipoanzia. Aliyechora hapa hajawahi kushika futi.” Alivua miwani, akaifuta kwa leso, na wakati anaivaa akaitazama saa yake ya mkononi. Hakukusudia ubaya, ni mtu tu aliyekuja kwa bodaboda kutoka Kalenga na ana safari ya kurudi. Alinanuswe aliliona jicho lile kwenye saa, na halikumpita.

Kwa kuwa hawakuwa na la kufanya, wakarudi mdomoni mwa shimo.

“Yule bibi bado yupo?” aliuliza Anjela.

“Yupo. Anasokota.”

“Nakaa chini karibu yake. Namsaidia.”

“Anakusogezea fungu la katani. Haongei.”

“Na mimi siongei.” Anjela alianza kusokota hewa kwa vidole vyake vya fundi, na wote wakaitazama mikono ile. Baada ya kitambo akasema kwa sauti ya chini, “Bibi, mtu wa mwisho kushuka kwa kamba hii alikuwa nani?”

Shaista alifunua ukurasa wa ishirini na mbili. Chini kabisa, ndani ya kisanduku chenye herufi ndogo, kulikuwa na majina saba, kila jina na urefu wa kamba kwa pima, kipimo cha mikono miwili iliyonyooshwa. Meza mbili zilizotangulia hazikuuliza swali lile. Yeye mwenyewe alikisoma kisanduku mara moja na kukiona ni urembo. Sasa alikisoma kwa sauti ya bibi, jina baada ya jina. Sichone, pima kumi na mbili. Mbonile, pima kumi na tano. Alipofika mwisho akapunguza sauti.

“Wa mwisho ni mwanangu Tumpe. Pima thelathini. Kamba ilirudi nyepesi.”

Huko nje pikipiki ilipita, ikaenda zake.

Zabron ndiye aliyejongea kwanza. Alichukua chaki mkononi mwa Shaista bila kuomba ruhusa. “Pima thelathini,” alisema. “Ngojeni. Sichone kumi na mbili, hapa. Mbonile kumi na tano, hapa.” Akachora mstari mmoja wima kutoka mdomo wa shimo na kuweka alama pembeni yake. “Hao watu hawakupita kwenye milango. Walishuka wima. Kila mmoja aliishia kwenye ngazi yake ya mgodi, na huyu Tumpe yuko chini kuliko vyote mlivyonichorea. Hatuhitaji mlango. Tunahitaji kamba ya huyu mama.”

Alinanuswe aliinamia ile mistari ya chaki. Vipimo vile aliviweka kwa sababu baba yake ndivyo alivyokuwa akisimulia, fulani alishuka kadhaa, fulani kadhaa. Hakuwahi kuwaza kwamba ni njia. Alikuwa ameandika mlango wa pili wa safari yake bila kujua.

Anjela alimwambia bibi kwamba hawatafuti dhahabu tena. Kuanzia hapo mchezo ukawa mwingine kabisa. Walishuka kwa kamba, mganga wa Alinanuswe akiwa wa katikati, wakatokea nyuma ya ule mlango uliowashinda, na kurasa ishirini na sita zikafunguka. Zabron alisahau saa yake. Walipambana na bakuli la vibanio kwa nusu saa, askari mzee akavunjika mkono, na kati ya wale saba wakawapandisha watatu wakiwa hai. Tumpe alikuwa wa mwisho, na Shaista, aliyekuwa amesimama muda huo wote kama mtu anayekata kitambaa cha bei, akaketi kwanza ndipo akaweza kuisema ile sehemu ya bibi kumpokea.

Walipomaliza, Zabron alijifuta jasho. “Sasa niambieni. Nani kaandika kitu hiki? Ramani haijui hata kidogo. Lakini yule bibi, ah!”

Anjela alishindwa, akamwonyesha kwa kidole. Mzee aligeuka, akamtazama Alinanuswe kwa mshangao, kisha akacheka mpaka kofia ikadondoka, akamsalimu kwa Kinyakyusa. “Ugonile, mwandishi! Basi ramani nitakufundisha mimi. Bure.”

Shaista hakucheka. Alikuwa ameinamia daftari, anaandika. Alipoinua kichwa alimtazama Alinanuswe moja kwa moja.

“Nilisema bibi aondolewe,” alisema. “Nilikosea. Nilimsoma nikiwa na haraka, na meza zangu mbili hazikukaa naye. Hilo nitaliandika.”

“Na mimi sikujua kwamba ni njia,” alisema Alinanuswe. Angeweza kunyamaza akachukua sifa, lakini mbele ya mwanamke yule hakuona namna ya kufanya hivyo.

“Najua hukujua. Ungejua, usingewapeleka watu kwenye dadu ya mlango.”

Jumatatu, akiwa amerudi kwa basi la usiku na tayari yuko kazini Mwanjelwa, alikuta ukurasa umebadilika. Hukumu ya kwanza ilikuwa palepale, haikufutwa hata herufi. Chini yake Shaista alikuwa ameongeza: “Nimeicheza mara ya tatu. Kuhusu bibi wa kamba nilikosea, na kosa ni langu, si la mwandishi. Swali moja kwa bibi huyu limeipa uhai safari nzima. Ni mtu bora niliyekutana naye mezani mwaka huu. Mengine niliyosema yanabaki: kijiji hakina watu, ramani haisimami, mlango wa chumba cha nne unaua mchezo. Subirini toleo la pili, kama mwandishi atakuwa na moyo.”

Moyo alikuwa nao. Aliandika upya tangu mwanzo. Zabron alimpigia simu kila Jumatano jioni, na kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea kubishana na wenye mashamba, akamfanya achore kila ngazi kwa kipimo. Lwitiko akapata jina, jino na ndugu aliyedhulumiwa. Mama wa uji naye akapata mahali pa kukaa. Baada ya miezi mitano Alinanuswe alimwomba Shaista aisome rasimu kabla haijachapwa. Alikataa papo hapo.

“Nikiisoma sasa nitakuambia punguza hapa, ongeza kule, na itakuwa nimeshona pamoja na wewe. Halafu niwaambie watu ni nguo nzuri? Tafuta meza yako.”

Lilimuuma, lakini alielewa. Alikwenda kwa Bupe, binti wa mapokezi hapo kazini, aliyekuwa hajawahi hata kuziona dadu za pande ishirini, akamwomba alete wenzake watatu siku ya Jumamosi. Bupe ndiye aliyeongoza meza, na Alinanuswe akakaa pembeni kwenye rimu za karatasi na penseli yake, amefunga mdomo. Siku ya kwanza Bupe alisimama mara arobaini. Wiki ya sita alisimama mara tano.

Toleo la pili lilitoka na kurasa thelathini na sita. Hukumu ya Iringa ilichukua mwezi mzima kuja, na katika mwezi huo Alinanuswe alipungua mwili. Ilipokuja ilikuwa fupi. “Nimesimama mara nne. Ukurasa wa thelathini na moja bado unajisifu. Meza zangu zote tatu zimeomba kurudi. Ichezeni.” Alimsomea Bupe kwa sauti mara mbili, kisha akakubali kwamba ukurasa wa thelathini na moja kweli unajisifu.

Mwezi wa kwanza, shule zilipokuwa zinakaribia kufunguliwa na maduka yote ya sare yanafurika, simu yake iliita. Ilikuwa mara ya kwanza Shaista kumpigia yeye. Nyuma ya sauti yake cherehani zilikuwa zinalia kama mvua ya mawe.

“Nuswe, nina safari mpya hapa, kurasa mia mbili. Mzee Zabron yuko shambani, na Anjela anasema mimi nimeanza kuipenda kabla sijaicheza. Nataka mtu mezani asiyenionea aibu. Jumapili hii unaweza?”

“Jumapili hii?”

“Ndiyo. Na mimi mwenyewe sijala vizuri wiki nzima, hivyo njoo na ndizi za Tukuyu.”

Alinanuswe alisema ataweza, akakata simu, akaenda kumwomba tajiri wake ruhusa ya siku ya Jumamosi.